Je, deni la jumuiya linaweza kuzuia ubatizo wa mtoto?

#1 Katibu wa Jumuiya (Kisumu)

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu wote.

Ninaomba mawazo yenu kuhusu jambo lililoigawa jumuiya yetu ndogo ya Kikristo pande mbili, na ambalo naamini halituhusu sisi wa Kisumu peke yetu. Je, ni haki jumuiya kukataa kumwandikia mzazi barua ya ubatizo wa mtoto kwa sababu kadi yake ya michango ina miezi isiyolipwa, na jina lake halionekani mara nyingi katika daftari la mahudhurio?

Kwa wasioufahamu utaratibu wenyewe, parokia nyingi za huku hazimwandikishi mtoto kwa ubatizo, wala wachumba kwa ndoa, mpaka wahusika walete barua ya jumuiya yao iliyotiwa saini na mwenyekiti na katibu. Sababu yake inaeleweka. Paroko mwenye vigango kadhaa, yaani makanisa madogo ya parokia yake, hawezi kumjua kila mwamini kwa jina na kwa mlango wa nyumba yake, ilhali jumuiya inamjua, kwa kuwa inasali nyumbani kwake zamu yake inapofika. Lakini kidogo kidogo, bila mkutano wowote kuamua hivyo, barua iliyokusudiwa kusema kwamba tunawajua wazazi hawa imegeuka kuwa barua ya kusema kwamba wazazi hawa hawadaiwi.

Mama anayehusika ni kijana, anauza omena katika soko la Kibuye. Wanaoifahamu Kibuye wanajua kwamba siku kubwa ya soko hilo ni Jumapili, na jumuiya yetu hukutana Jumapili alasiri. Yeye huhudhuria Misa ya kwanza, kisha huenda moja kwa moja kupanga biashara yake, na jioni huwa amechoka na mtoto yuko mgongoni. Baba wa mtoto anafanya vibarua Mombasa. Mahari haijakamilika, kwa hiyo ndoa ya Kanisa bado haijafungwa.

Alipokuja kuomba barua, mhazini wetu aliiomba kadi yake. Aliitoa kwenye fundo la leso alimokuwa ameweka pesa zake. Ilikuwa imekunjwa mara nne, pembe zimelowa mafuta, miezi ya mwanzo wa mwaka ina saini, na kuanzia mwezi aliojifungua hakuna kitu. Mhazini aliisoma kwa sauti, mwezi baada ya mwezi, mbele ya watu wote. Mama yule aliweka shilingi mia mbili mezani. Mwenyekiti akasema alipe angalau nusu ya deni, kisha barua itaandikwa.

Mimi ndiye ninayetakiwa kuiandika barua hiyo, na nimesema wazi kwamba sioni mamlaka tuliyo nayo ya kuizuia. Wenzangu wananijibu kwamba nikimwandikia, wanaolipa kila mwezi watajiona wajinga, na mwakani hatutakuwa na jumuiya, tutakuwa na orodha ya majina tu. Naomba wenye ujuzi wa mambo haya mtusaidie.

#2 Mhazini (Nakuru)

Milele na milele, amina. Ndugu Katibu, namwonea huruma mama huyo, na kumsomea kadi yake hadharani hakukuwa uungwana. Pamoja na hayo naomba tusikimbilie kuwafanya wahazini kuwa mafarisayo wa uzi huu.

Kanisa la Afrika Mashariki lilichagua njia ya kujitegemea likiwa na macho mawili. Mwaka 1973 maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walikutana Nairobi wakasema wanataka Kanisa mahalia linalojihudumia, linaloeneza Injili lenyewe na linalojigharimia. Mwaka 1976 wakaamua kwamba ujenzi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo uwe kipaumbele cha kichungaji katika eneo lote. Ninyi mnaokumbuka neno jumuiya tu, msisahau hilo neno la kujigharimia lililotangulia. Misaada kutoka ng'ambo si ya kutegemewa tena kama zamani. Katekista anahitaji posho, pikipiki ya paroko inahitaji mafuta ili afike kigangoni, divai na hostia hununuliwa, na bili ya umeme haisubiri tumalize novena.

Kumbukeni pia yaliyotokea Novemba 2024. Maaskofu walikuwa wametoa tamko kali kuhusu hali ya nchi, na siku chache baadaye Rais alitoa mchango katika parokia moja ya Soweto, Kayole. Askofu Mkuu Philip Anyolo, ambaye kabla ya kwenda Nairobi alikuwa Askofu Mkuu wenu hapo Kisumu, akaagiza pesa zile zirudishwe. Watu walishangilia nchi nzima. Nami nilishangilia. Lakini Jumatatu yake nilijiuliza: tukizikataa pesa za wanasiasa, na tukaikataa kadi ya jumuiya, paa litaezekwa na nani?

Sheria ya Kanisa yenyewe, kanuni ya 222, inawawajibisha waamini kuyasaidia mahitaji ya Kanisa: ibada, kazi za utume na za huruma, na riziki ya wahudumu wake. Huo ni wajibu, hauachwi mpaka mtu ajisikie kutoa. Isitoshe sote tunamfahamu yule Mkristo anayeonekana mara tatu tu, akiletwa kubatizwa, akija kufunga ndoa na akiletwa kwa jeneza, na kila mara anataka kwaya kamili. Pasipo kadi mtamtambuaje?

#3 Katekista Mstaafu (Kakamega)

Nawasalimu nyote kwa jina la Bwana. Nimefundisha ukatekumeni, yaani mafundisho ya wanaojiandaa kubatizwa, kwa miaka mingi katika vigango vya huku, na barua za namna hiyo zimepita mikononi mwangu nyingi mno, kwa hiyo mniwie radhi nikiandika kwa urefu.

Nianze na mtoto, kwa sababu katika mjadala huu kila mtu anamzungumzia mama na kadi yake, na mwenye kubatizwa amesahaulika. Kanuni ya 867 inawataka wazazi wahakikishe mtoto anabatizwa katika majuma ya kwanza baada ya kuzaliwa. Kanuni ya 868 inataja kinachohitajika ili mtoto abatizwe kihalali: mzazi mmoja, au mlezi halali, akubali, na kuwe na tumaini lenye msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani Katoliki. Tumaini hilo likikosekana kabisa, ubatizo unaahirishwa na wazazi wanaelezwa sababu. Someni tena neno hilo, kuahirishwa. Halafu tazameni kisichotajwa. Kadi haitajwi. Mahudhurio ya jumuiya hayatajwi. Hata ndoa ya wazazi haitajwi, na ndiyo maana Papa Fransisko aliweza, Januari 2014, katika Kikanisa cha Sistina, kumbatiza mtoto ambaye wazazi wake walikuwa hawajafunga ndoa Kanisani.

Sasa tumpime mama wa Kibuye kwa kipimo hicho. Anahudhuria Misa alfajiri kabla ya kwenda sokoni. Amekuja mwenyewe kuomba ubatizo, hakuletwa na mama mkwe wala hakusukumwa na mtu. Amekuja mbele ya jumuiya akijua kwamba kadi yake ina mapengo na kwamba huenda ikasomwa. Kama hilo si tumaini lenye msingi, basi watoto wengi tuliowabatiza kwa barua safi hawakuwa na tumaini lolote, maana wazazi wao walilipa kila mwezi kwa simu na hatukuwaona tena hadi siku ya Komunyo ya kwanza.

Kuhusu pesa, ndugu yangu Mhazini ametaja kanuni ya 222, na ameitaja kwa haki. Aendelee hadi ya 848. Hiyo inamkataza mhudumu kudai chochote kwa ajili ya sakramenti zaidi ya sadaka iliyopangwa na mamlaka husika, na inamwagiza ahakikishe daima kwamba mhitaji hakosi msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini. Ikiwa padri mwenyewe amefungwa na agizo hilo, mwenyekiti wa jumuiya anapata wapi ruhusa ya kulipita? Wajibu wa kuchangia upo, nami nimeufundisha. Haukuwekwa kuwa kufuli ya kisima cha ubatizo.

Jambo jingine ni nani anayeamua. Jumuiya haibatizi na haiahirishi ubatizo. Jumuiya inashuhudia. Barua inatakiwa kumwambia paroko mambo ambayo yeye hawezi kuyaona kutoka ofisini: kwamba mama huyu anaishi kwetu, kwamba anasali, kwamba msimamizi wa ubatizo aliyemchagua ni Mkatoliki aliyepata kipaimara na anaishi imani yake, na kwamba hali ya nyumbani ni hii na hii. Paroko akishapewa ukweli huo, uamuzi ni wake. Mkiizuia barua, mmemnyima paroko habari na mmejitwalia kazi yake.

Kuna sehemu ambayo ni kazi yenu kweli, nayo hamjaigusa. Kanuni ya 851 inataka wazazi na wasimamizi waandaliwe, wafundishwe maana ya sakramenti hii na wajibu unaoambatana nayo. Mama anayeuza omena hawezi kufika mafundisho ya Jumamosi asubuhi parokiani. Nani katika jumuiya yenu amejitolea kwenda kukaa naye jioni, baada ya soko, amsomee na amweleze? Wamisionari wa Mill Hill, shirika la Kikatoliki kutoka Uingereza, walipoingia sehemu hizi kutoka Uganda, hawakuweza kufika kila kijiji. Makatekista waliokaa na watu ndio waliofundisha Baba Yetu nyumba kwa nyumba, na hawakutangulia kuuliza kadi.

#4 Mlinzi wa Usiku (Kisumu)

Mimi si msomi wa sheria za Kanisa. Nalinda ghala moja hapa mjini, naingia kazini saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, na zamu zikibadilishwa siulizwi. Katika jumuiya yangu jina langu lina alama ya kukosa karibu kila wiki. Nashukuru kwamba kwa Misa Kanisa lenyewe limeona watu wa aina yangu, maana anayeshiriki Misa jioni ya Jumamosi ametimiza wajibu wa Jumapili. Ila jumuiya haina jioni mbadala. Ni saa tisa Jumapili au wewe ni mzembe.

Nilipolazwa mwaka jana, alama zile za kukosa zilikuwa zimezoeleka kiasi kwamba hakuna aliyegundua kuwa safari hii nilikosa kwa ugonjwa. Sisemi hili kwa kinyongo. Namwuliza tu ndugu Mhazini: daftari mnalisoma ili mjue nini?

#5 Mama wa CWA (Bungoma)

Kaka Mlinzi, pole sana kwa ugonjwa. Swali lako ndilo kiini cha mjadala huu, na nitalijibu kwa jinsi tunavyofanya sisi.

Katika jumuiya yetu daftari la mahudhurio husomwa mwanzoni, kabla ya Injili, na husomwa kinyume na mlivyozoea. Hatuiti majina ya waliopo, tunawaona kwa macho. Tunasoma waliokosa, na kwa kila jina mwenyekiti huuliza ni jirani yupi ana habari zake. Asipokuwapo mwenye habari, mmoja wetu anapewa jina hilo aende nalo. Wiki inayofuata analeta jibu: fulani amehamia kwa binti yake Eldoret, fulani ameficha uso kwa sababu mume amemfukuza, fulani kwa kweli anatukwepa na amesema hivyo waziwazi. Huyo wa mwisho hatumfuati kwa madeni. Tunamwombea na kumwacha na Mungu wake, na mlango uko wazi.

Tukimaliza hapo ndipo tunapoanza hatua saba: kumkaribisha Bwana, kusoma Injili ya Jumapili ijayo, kurudia maneno yaliyotugusa, kunyamaza, kushirikishana, kujadili kazi, kisha sala. Nimetembelea jumuiya nyingi katika shughuli za CWA, chama chetu cha wanawake Wakatoliki, na naweza kuwaambia kwamba hatua ya sita, ile ya kujadili kazi ambayo Bwana anatuita tuifanye, ndiyo inayorukwa kuliko zote. Ikirukwa, nafasi yake huchukuliwa na mhazini na faili lake. Hata wakati wa Kampeni ya Kwaresima huwa tunasoma kijitabu cha Tume ya Haki na Amani kwa majuma matano, tunalaani ufisadi wa wakubwa kwa sauti kuu, kisha tunafunga kijitabu na kumbana mjane kuhusu shilingi hamsini. Yakobo aliandika sura ya pili ya waraka wake akitutazama sisi, namna tunavyomwambia mwenye pete ya dhahabu aketi hapa pazuri, na maskini asimame kule.

Naomba pia mjadala huu usiishie kwenye ubatizo, maana kuna mahali panapouma zaidi, nako ni matanga. Mmeona ninyi, kama nilivyoona mimi, mwili uko chumba cha maiti, wafiwa wamekaa chini ya mwembe, na viongozi wa jumuiya wamejitenga kando wakihesabu miezi ambayo marehemu hakulipa ili waamue kama padri aitwe au asiitwe. Mtoto anaweza kubatizwa mwezi ujao. Marehemu hazikwi mara mbili. Mwalimu Katekista, sheria inasemaje hapo?

#6 Katekista Mstaafu (Kakamega)

Mama, inasema mambo mawili, na ni mafupi. Kanuni ya 1176 inasema waamini waliofariki wapewe mazishi ya Kanisa. Kanuni ya 1184 inawataja wanaonyimwa, iwapo hawakuonyesha dalili yoyote ya kutubu kabla ya kufa: walioasi imani hadharani, wazushi wa mafundisho ya imani na watengano (waliojitenga na umoja wa Kanisa) waliojulikana hivyo, waliochagua mwili wao uchomwe kwa sababu zinazopingana na imani ya Kikristo, na wadhambi wengine wa wazi ambao mazishi yao yangewakwaza waamini. Palipo na shaka, anayeulizwa ni askofu wa jimbo, na uamuzi wake ndio unaofuatwa. Anayedaiwa na jumuiya hayumo katika orodha hiyo. Hata mkatekumeni ambaye hajabatizwa anahesabiwa pamoja na waamini katika suala la mazishi, kwa mujibu wa kanuni ya 1183, seuze Mkristo aliyepakwa krisma.

#7 Mhazini (Nakuru)

Nimewasoma wote, na nimewasoma polepole. Kuhusu mtoto na marehemu sina hoja tena. Mtoto hana kadi na maiti hana mfuko.

Kuhusu ndoa sijaridhika kabisa. Wachumba wawili wenye kazi zao, waliokodi ukumbi, mahema na magari, wanaokuja jumuiyani majuma matatu kabla ya tangazo la kwanza la ndoa, hao siwezi kuwaita wahitaji wa kanuni ya 848. Sisemi wanyimwe sakramenti. Nasema jumuiya ina haki ya kuandika ukweli katika barua kwamba haiwafahamu, na paroko aamue afanye nao nini. Mwalimu amesema barua ni ushahidi, basi na ushahidi uwe wa kweli pande zote.

Jambo la pili nalisema kwa wahazini wenzangu. Wengi hawaachi kulipa kwa umaskini. Wameacha kwa sababu hawajui pesa ziliendako. Kanuni ya 537 inataka kila parokia iwe na baraza la fedha, na kanuni ya 1287 inataka wasimamizi watoe hesabu kwa waamini juu ya mali ambazo waamini wametoa. Hapa kwetu tulianza kubandika hesabu ya kila robo mwaka kwenye ubao ulio karibu na mlango wa kanisa: kilichopokelewa kutoka kila jumuiya, kilichopelekwa jimboni, posho ya katekista, umeme, mafuta ya pikipiki, ukarabati wa choo. Watu husimama pale baada ya Misa wakibishana na ile karatasi, na wengine hunijia na maswali makali ambayo sipendi kuyajibu nikiwa na njaa. Walakini makusanyo hayakuwa yakisukumwa na barua za ubatizo tena. Mwenyekiti wako, ndugu Katibu, amewahi kuwasomea hesabu?

#8 Katibu wa Jumuiya (Kisumu)

Hajawahi. Na swali hilo nitalipeleka kama lilivyo.

Nawashukuru nyote, hasa Mwalimu kwa kutuonyesha mpaka wa kazi yetu na ya paroko. Nimeshazungumza na paroko kwa simu. Ameniagiza niiandike barua ya mama yule bila kutaja deni, na amesema atakuja mwenyewe jumuiyani kuzungumza na viongozi. Mmoja wa akina mama wetu, ambaye naye ana meza Kibuye, amekubali kumfundisha jioni wanapofunga biashara, kwa hiyo hatalazimika kufika mafundisho ya Jumamosi.

Nimeandika upya pia mfano wa barua tutakaoupendekeza. Una anwani ya familia, muda tuliowafahamu, hali ya ndoa ilivyo bila maneno ya kuhukumu, jina la msimamizi na ushuhuda wetu juu ya imani yake, na nafasi ya paroko kuandika uamuzi. Kwa wachumba nimeongeza mstari ambao Mhazini ameutetea, wa kusema kama tunawafahamu au hatuwafahamu. Michango itabaki katika kitabu cha mhazini, na mtu atasomewa yake akiwa peke yake.

Lililobaki ni saa ya kukutana. Wenye biashara sokoni na wenye kazi za zamu wameomba Jumatano saa mbili usiku, wazee wanasema saa hiyo ni ya hatari njiani, na pande zote mbili wana haki. Kaka Mlinzi, wewe unalinda usiku na Jumatano hiyo hutaiweza pia. Niambie siku unazopumzika mwezi huu, nijue kama tunaweza kuhamishia kwako zamu ya sala asubuhi moja, hata tukiwa wachache.